Barua Fupi Iliyogonga Mlango Wangu



Mpendwa msomaji, mbele ya kuendelea, kamata Biblia yako. Tafuta kati ya Tito na Waebrania. Uangalie vizuri, usije ukaruka, maana Filemoni ni ukurasa mmoja tu: mistari 25, haina hata sura. Katika Kigiriki, lugha ambamo iliandikwa, ni maneno 335 hivi. Unaweza kuimaliza wakati maji ya bukari yanachemka. Isome yote kwa sauti, mara moja, halafu urudi kwangu. Nitakungojea.

Umesoma? Aksanti. Sasa tusemezane.

Mara nyingi tunang'oa mstari mmoja katika Biblia kama mtu anayeng'oa tofali moja ukutani, halafu anasema: hii ndiyo nyumba. Hapana. Barua imejengwa. Ina mlango, ina baraza, ina chumba cha ndani, na ina mlango wa kutokea. Nataka tutembee ndani ya hii pamoja. Lakini siwezi kukueleza habari yake bila kukuambia vile ilinikamata mimi mwenyewe. Utanivumilia.

Mwaka 2006, hapa Kolwezi, nilikuwa mtunza feza wa likelemba yetu. Tulikuwa wamama 12, kila mmoja anatoa dola 20 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wetu anapokea zote, dola 240. Mwezi ule feza zilikuwa kwangu, ndani ya sanduku chini ya kitanda. Nyumbani kulikuwa na kijana wa miaka 17, mtoto wa mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kufa, na kwetu mtoto wa mdogo wako si mtoto wa mtu mwingine, ni mtoto wako. Aliniita Mama mukubwa. Asubuhi moja nilikuta sanduku wazi na kijana hayupo. Watu walimwona akipanda gari pamoja na wachimbaji. Alikwenda kuchimba mabwe.

Niliuza mashini yangu ya kushona pamoja na vitenge vyangu viwili. Siku 20 zilipita mpaka nikampa feza mama ambaye zamu yake ilikuwa imefika. Katika siku zile wengine walisema: “Ni yeye mwenyewe alikula, sasa anasingizia mutoto.” Ninyi mnaojua likelemba, mnajua neno kama hilo linauma namna gani. Niliapa kijana yule hatakanyaga tena mlangoni kwangu.

Mwisho wa mwaka 2008 bei ya shaba na kobalti ilianguka, wanunuzi wengi wakafunga, na wachimbaji wakabaki na mifuko ya mabwe isiyo na mnunuzi. Ndipo shemasi mmoja mzee wa kule machimboni alinipigia simu: “Mama, mutoto wako iko huku kwetu. Anagonjwa, tena hana kitu. Anaomba kurudia. Minakuomba, umupokee.”

Nikamjibu: “Arudishe kwanza feza, njo tutasema.” Nikafunga simu.

Juma lile lile mchungaji aliniomba kuwafundisha vijana kwa Jumapili nne. Nilichagua Filemoni. Si kwa hekima, wapendwa. Nilichagua kwa sababu ni fupi, na nilikuwa na kazi nyingi. Kumbe nilikuwa nimejitegea mtego.

Jumapili ya kwanza: mlango (mstari 1 mpaka 3)

Sisi tukiandika barua, hatuanzi na shida. Tunaanza na salamu nyingi, habari za wazima na wagonjwa, halafu chini ndiyo tunasema kusudi la barua hii. Watu wa wakati wa Paulo walikuwa na desturi karibu na hiyo: jina la anayeandika, jina la anayeandikiwa, salamu, shukrani, kisha neno lenyewe, na mwisho salamu tena. Paulo anafuata njia hiyo. Lakini angalia anachoweka ndani yake.

Katika barua nyingine anapenda kujiita mtume. Hapa anajiita mfungwa. Mtu anayekuja kuomba hawezi kuja na cheo mkononi. Halafu angalia anamwandikia nani: Filemoni, na Afia, na Arkipo, na kanisa linalokutana ndani ya nyumba ya Filemoni. Hakukuwa na majengo ya kanisa wakati ule. Watu walikusanyika nyumbani mwa mtu mwenye nafasi. Barua ya Wakolosai inamtaja Arkipo, na inasema Onesimo ni mtu wa kwao. Kwa hiyo tunaielekeza nyumba hii Kolosai, mji wa nchi ambayo leo inaitwa Uturuki.

Kwa nini aite kanisa zima kusikiliza jambo la mtu mmoja na mtumwa wake? Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia, maana kinatofautisha “wewe” na “ninyi”. Pita mistari ukihesabu. Mstari wa 3 ni ninyi. Kuanzia mstari wa 4 ni wewe, wewe, wewe, mpaka karibu na mwisho. Katika mstari wa 22 ninyi anarudi, na mstari wa 25 tena. Ni kama mtu mmoja ameketi katikati, wote wamemzunguka, na maneno yanamwendea yeye peke yake huku wengine wanasikia. Jambo ni lake, na uamuzi ni wake, lakini hawezi kuuficha chini ya kitanda.

Niliwafundisha vijana hivyo, wakaandika katika madaftari. Nikarudi nyumbani. Bwana yangu aliniuliza wakati wa kula sombe: “Unafundisha batoto juu ya Filemoni, na ule wa kwako utamufanya namna gani?” Sikumjibu.

Jumapili ya pili: baraza (mstari 4 mpaka 7)

Hapa ni shukrani. Paulo anamsifu Filemoni kwa upendo wake na imani yake, na kwa namna alivyoipa mioyo ya waamini pumziko. Wengine wanasema ni siasa tu, anapaka mafuta mbele ya kuomba. Mimi nasema hapana. Anapanga mawe ya msingi. Maneno atakayoyahitaji chini anayaweka hapa juu: upendo, ushirika, moyo, ndugu.

Chukua neno moja tu, “moyo”. Kigiriki hapa hakisemi moyo unaopiga kifuani. Kinasema matumbo, vile vya ndani kabisa, pale unaposikia uchungu ukipata habari ya kifo. Neno hilo liko mara tatu. Mstari wa 7: Filemoni anapumzisha mioyo ya watu wa Mungu. Mstari wa 12: Onesimo ni moyo wangu mimi, Paulo. Mstari wa 20: basi, upumzishe moyo wangu. Hii ni hesabu ya mtoto wa masomo ya msingi: wewe unapumzisha mioyo, huyu ni moyo wangu, fanya jumla mwenyewe.

Siku ile nikakumbuka vile watu wa kanisa walivyonisifu. Nilikuwa mama wa kutembelea wagonjwa, mama wa kupika kwenye matanga. Mioyo mingi ilipumzika kwangu. Lakini kulikuwa na moyo mmoja machimboni uliokuwa unatetemeka kwa homa, nami nilikuwa nimefunga simu.

Jumapili ya tatu: chumba cha ndani (mstari 8 mpaka 20)

Sasa tumefika. Paulo anasema angeweza kuamuru, lakini kwa ajili ya upendo anachagua kuomba. Yeye ni mzee, na tena amefungwa. Anamwombea mtoto wake aliyemzaa gerezani. Na jina? Katika Kigiriki jina la Onesimo linakuja mwisho kabisa wa mstari wa 10. Filemoni anasikia kwanza “mtoto wangu”, moyo wake unafunguka, halafu jina linaanguka. Kama lingetangulia, labda asingesikiliza mengine.

Halafu Paulo anacheza na jina lenyewe. Onesimo maana yake ni mwenye faida. Anasema: zamani hakukufaa, sasa anatufaa wote wawili. Na katika mstari wa 20 analigusa tena jina lile, akisema naye anataka kupata faida kwa Filemoni.

Mstari wa 15 soma polepole. Watu wengi wanasema Onesimo alitoroka. Yohana Krisostomo, mhubiri mkubwa aliyekufa mwaka 407, alifundisha kwamba aliiba na kutoroka. Inawezekana. Lakini Paulo hasemi “alitoroka”. Anasema labda alitengwa nawe kwa muda. Na katika mstari wa 18 anasema “kama”: kama amekukosea, au ana deni lako. Haandiki mashtaka. Anaacha nafasi.

“Kama” hiyo ilinichoma. Maana, ndugu msomaji, kuna jambo sijakuambia. Mwaka ule wa 2006 kijana wangu alikuwa amefukuzwa masomo mara tatu kwa sababu ya feza za shule. Mara ya tatu aliniomba, nikamwambia hakuna feza. Aliniangalia, kisha akaangalia kwenye chumba ambamo alijua sanduku liko. Kweli, zile hazikuwa zangu, nisingeweza kuzitoa. Lakini sikuketi naye kumweleza. Nilimwambia tu: “Toka hapa.” Siku nne baadaye alitoka kweli. Simsafishi. Wizi ni wizi. Lakini kwa miaka miwili nilisimulia habari ile kuanzia sanduku lililo wazi, kamwe sikuanzia mlango ambao nilimfungia.

Mstari wa 16 ndio kiini: ampokee si kama mtumwa tena, bali zaidi ya mtumwa, kama ndugu mpendwa. Neno “ndugu” ni lile lile ambalo Paulo anamwitia Filemoni katika mstari wa 7 na wa 20. Bwana na mtumwa wanapata jina moja. Usifikiri hilo lilikuwa jambo dogo. Katika ufalme wa Roma mtumwa alikuwa mali. Aliyetoroka akikamatwa aliweza kuchomwa alama usoni, na wengine walifungwa pete za chuma shingoni, zenye maandishi ya kumwomba atakayemwona amrudishe kwa mwenyewe. Na kwetu Katanga neno “mtumwa” si neno la Biblia tu. Wakati wa Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa mwaka 1891, misafara ilibeba shaba, pembe za ndovu, na watu.

Hapo msichana mmoja wa miaka kama 15 aliinua mkono. “Mama, na Onesimo yeye mwenyewe, nani alimuulizaka? Barua yote banasema juu yake, yeye hasemi hata neno moja.”

Nilinyamaza kidogo. Ni kweli. Tunasikia moyo wa Paulo, tunaona wajibu wa Filemoni, lakini sauti ya Onesimo haimo. Tena Paulo hasemi wazi: mwachie huru. Kwa sababu hiyo wenye watumwa waliitumia barua hii vibaya. Mwaka 1833, huko Georgia, Marekani, mchungaji Charles Colcock Jones aliwahubiri watumwa kutoka katika Filemoni, akawaambia kutoroka ni kosa. Yeye mwenyewe aliandika kwamba karibu nusu ya wasikilizaji waliinuka wakaenda zao. Nafikiri wale walioinuka waliielewa barua kuliko yeye. Huwezi kumwita mtu ndugu mpendwa, kwa mwili na katika Bwana, halafu umweke sokoni umuuze.

Kisha deni. Katika mstari wa 18 Paulo anatumia neno la watu wa hesabu: aliandike kwake. Na katika wa 19 anachukua kalamu kwa mkono wake mwenyewe na kuahidi kulipa. Hiyo ni kama saini kwenye karatasi ya mkopo. Angalia vizuri: Paulo hasemi deni si kitu, wala hamwambii Filemoni asahau. Anajua kwamba msamaha una bei, na mtu fulani lazima ailipe. Lakini pale pale anamkumbusha Filemoni, kwa maneno machache, kwamba naye ana deni kwa Paulo: nafsi yake mwenyewe.

Baba yangu alikufa nikiwa darasa la nne. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa mfanyakazi wa mgodi, alinilipia masomo mpaka mwisho, na watoto wake walivaa viatu vyenye matundu. Hakuwahi kuniletea hesabu. Kila mhubiri anapenda kuwa Paulo katika barua hii. Usiku ule nilijua mimi si Paulo. Mimi ni Filemoni, na barua imeletwa kwangu.

Jumapili ya nne: mlango wa kutokea (mstari 21 mpaka 25)

Mwishoni Paulo anasema ana hakika Filemoni atafanya hata zaidi ya anayoombwa. Hasemi hiyo “zaidi” ni kitu gani. Anaiacha wazi, kama mlango usiofungwa. Halafu kwa haraka: unitayarishie chumba, natumaini kuja kwenu. Vijana walicheka, maana wanajua mzazi akisema “nitapita kuwatembelea” ni kusema nitakuja kuona mmefanya nini. Kisha salamu za watu watano, na neema kwa ninyi wote.

Barua inaishia hapo. Haituambii kama Filemoni alikubali. Lakini fikiri kidogo: kama angeikasirikia na kuitupa motoni, leo tungeisoma?

Nilirudi nyumbani nikafungua chumba kidogo cha nyuma. Kilikuwa kimejaa mifuko ya makala. Niliitoa mmoja mmoja, nikafagia, nikatandika mkeka na blanketi. Kisha nikampigia simu yule shemasi.

Kijana alifika Jumamosi, amekonda, viatu mkononi. Alisimama nje ya parsele. “Mama mukubwa, nilikosa.” Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nilisema tu: “Na mimi nilikosa. Ingia, ukule.” Baadaye nilichukua daftari la likelemba la mwaka 2006. Ukurasani kulikuwa na dola 240 na jina lake nililoandika kwa hasira. Kwa mkono wangu niliandika pembeni: imekwisha.

Lakini usifikiri habari imekwisha pale. Niliwaita wale wamama, kijana asimame mbele yao aseme mwenyewe, maana msichana yule alikuwa amenifundisha kwamba Onesimo lazima apate kinywa. Alisema yote bila kujitetea. Wengi walimpa mkono. Yule mama ambaye zamu yake ilikuwa imefika hakumpa. Aliniambia: “Feza ulirudisha. Lakini mutoto wangu alikuwa anagonjwa zile siku makumi mbili, na sikukuwa na ya dawa. Zile siku, nani atazirudisha?” Mtoto wake alikuwa amekwisha kupona, lakini woga ule haukuwa umepona. Sikuwa na jibu. Nilisamehe deni langu. Sikuwa na haki ya kusamehe la kwake. Paulo naye hakumwamuru Filemoni, aliomba akangojea. Kijana alimtekea mama yule maji, akamtengenezea paa la jiko, bila kuombwa. Mwaka mzima ulipita. Siku moja mama yule alimwita kwa jina na kumpa kikombe cha chai. Ilitosha.

Leo kijana ni baba wa watoto watatu, anatengeneza pikipiki. Sisemi hivi ili kujisifu, maana mnajua sasa nilianza wapi. Nasema hivi kwa sababu najua katika nyumba nyingi za wachimbaji kuna jina ambalo halitajwi mezani. Mtoto aliyekwenda na hakurudi, kaka aliyekula urithi, mke aliyefukuzwa. Na labda wewe kijana unayesoma ndiwe mwenye jina hilo, unaogopa kugonga.

Tunangojea barua ndefu kutoka mbinguni. Kumbe iko ya mistari 25, imekwisha kufika.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Soma barua yote ukiweka alama penye “wewe” na “ninyi”. Kwa nini Paulo aliita kanisa zima lisikie?
2. Tafuta “ndugu” katika mistari 1, 7, 16 na 20. Neno hilo linabadilisha nini kati ya bwana na mtumwa?
3. Kama Onesimo angeongeza mistari mitano yake mwenyewe mwishoni, angesema nini?
4. Katika jamaa yenu, nani leo ni Filemoni? Chumba gani kinahitaji kufagiliwa?